Salfa kwenye feni ya betri

Taa iliwaka tulipokuwa tunakaribia Nanyamba. Pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao katikati, na chini yake mstari wa maandishi ya Kijapani ambao sikuwahi kuuona tangu nilitoe gari bandarini. Gari likaishiwa nguvu palepale, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nyuma tulikuwa na mifuko mitano ya salfa, mitatu imelala kwenye kiti na miwili kwenye buti. Mbele alikaa mjomba, ambaye tangu Mtwara mjini alikuwa ananieleza kwamba gari lisilonguruma si la kuaminika.

"Si nilikwambia," akasema, hata kabla sijaegesha.

Ilikuwa Julai. Julai kwetu ni mwezi wa salfa: mikorosho inatoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, nao unayavizia, na anayechelewa kupuliza anajua fika kwamba Oktoba atakwenda ghalani kuhesabu magunia ya wenzake. Kwa hiyo mjomba hakuwa na haraka ya kulionea gari huruma. Alitaka salfa yake ifike Newala. Tukashuka, tukakaa chini ya mkorosho wa watu, akafungua mfuko wake wa ming'oko ya kuchemsha, nami nikaielekeza simu kwenye dashibodi isome Kijapani. Simu ikafikiri kidogo, ikanijibu: kagua mfumo wa haibridi.

"Haibridi ndiyo nini?" mjomba akauliza. "Mimi naijua mbegu ya mahindi."

Swali la haki kabisa, na ninakiri kwamba siku ile ndiyo mara ya kwanza nililijibu kwa uzito. Gari lile nilikuwa nalo mwaka wa pili, na ukweli ni kwamba nililinunua kwa sababu ya picha.

Nina ugonjwa wa picha za magari ya dhana. Ni yale magari yanayojengwa kwa ajili ya maonyesho, kuuzwa si shida yao: yanawekwa jukwaani Tokyo, Paris au Detroit, yanazungushwa taratibu chini ya taa, halafu mengi yao huishia kwenye stoo ya kiwanda. Umeme ukikatika hapa Mtwara, na kukatika kwa umeme hapa si habari, mimi nalala chali nikiperuzi picha hizo mpaka chaji ya simu iishe. Na kwa miaka mingi yaliyonivutia zaidi yalikuwa yale ya moyo wa pande mbili, injini na mota ya umeme katika mwili mmoja, yaani haibridi.

Kipenzi changu ni Jaguar C-X75, iliyoonyeshwa Paris mwaka 2010. Ina mota nne za umeme, moja kwa kila gurudumu. Badala ya injini ya kawaida ilikuwa na tabo mbili ndogo za gesi, za aina ile inayozunguka kwenye ndege, kazi yake kuzalisha umeme tu. Wenyewe walisema tabo hizo zingeweza kutumia dizeli au hata gesi asilia iliyoshindiliwa. Hebu fikiria mtu wa Mtwara anasoma jambo hilo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, kiwanda cha kuisafisha kipo Madimba, bomba limekwenda mpaka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi taa za Mtwara na Lindi zilitegemea mitambo ya gesi hiyohiyo, nje ya gridi ya taifa. Mimi tayari nilikuwa najiona kwenye barabara ya Mikindani, tabo mbili mgongoni, nimejaza gesi ya nyumbani. Halafu mpango ukabadilika, tabo zikaachwa, ikaja injini ndogo ya petroli ya lita 1.6, na Desemba 2012 wakatangaza kwamba hawataliuza kabisa. Niliumia kama vile nilikuwa nimeshalipa arubuni.

Mjomba sikumweleza habari za Jaguar. Nilimweleza habari za Prius, kwa sababu hiyo ina kisa kinachofanana na chetu, cha gari lililogoma.

Oktoba 1995, kwenye maonyesho ya Tokyo, Toyota waliweka jukwaani gari la dhana waliloliita Prius. Lile halikuwa na betri kubwa kama magari yaliyokuja kuuzwa, lilitunza umeme kwenye kapasita. Likang'aa, watu wakapiga picha. Nyuma ya pazia, kikosi cha mhandisi mkuu Takeshi Uchiyamada kilikuwa kinaunda gari la majaribio lenye mfumo wenyewe. Lile la majaribio likakataa kusogea. Siku 49 wahandisi wale, pengine bora kuliko wote nchini mwao, walilizunguka bila kulisogeza. Lilipokubali likaenda mita 500 hivi, likasimama. Miaka miwili baadaye, Desemba 1997, lilikuwa linauzwa.

"Siku 49," mjomba akasema, akamenya mng'oko. "Sisi salfa yetu haiwezi kungoja siku 49."

Wazo lenyewe ni la kale kuliko Prius kwa karibu miaka mia. Mwaka 1900 kijana Ferdinand Porsche alitengeneza gari aliloliita Semper Vivus, kwa Kilatini daima hai, injini za petroli zikizalisha umeme na mota zikiwa ndani ya magurudumu. Lilikuwa zito mno. Petroli ikawa rahisi, umeme ukasahaulika, basi.

Sasa, kueleza mvuto. Hapa ndipo nilipong'amua kwamba picha zangu zote za jukwaani hazikunisaidia kitu, na aliyenisaidia ni mama.

Mama anaishi Newala. Anayeijua Newala anajua kwamba uwanda wa juu wa Makonde una kila kitu isipokuwa maji. Maji yako chini sana, mabondeni, na akina mama wa zamani waliyashukia na kuyapandisha kichwani. Ndiyo maana kule nyumba yenye bati ina mfereji wa kukinga mvua na kisima cha kuhifadhia. Na ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna maji yanayoitwa machafu. Yaliyooshea mboga yanaosha vyombo, yaliyosuuzia vyombo yanamwagiliwa mpapai. Nilipohamia Mtwara mjini kusoma, nikaona mtu anafungua bomba na kuliacha likimwaga huku anapiga mswaki, nilisikia moyo unaniuma.

Mara ya kwanza nilipompakia mama kwenye gari aliona kwenye skrini ndogo mishale ikibadilisha mwelekeo kila nikikanyaga breki. Akauliza. Nikamwambia: mama, gari la kawaida ukilifunga breki, ile kasi uliyoinunua kwa petroli inageuka joto kwenye magurudumu na kupotea hewani. Hili kabla halijatumia breki zenyewe, linaigeuza mota iwe jenereta, kasi inarudi kuwa umeme, umeme unaingia kwenye betri, na tukiondoka tena tunautumia. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe halimwagi maji." Tangu hapo sijatafuta maelezo mengine. Mvuto wa haibridi ni huo, ni gari la bahili. Wabunifu wanalivisha mabawa na taa za buluu ili lisionekane hivyo, lakini ndani yake kuna mwanamke wa Newala anayekinga maji ya kusuuzia vyombo.

Mjomba alitaka zaidi ya hapo. Yeye ni mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kaka yake mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo hakubali jambo mpaka alipinge kwanza.

"Breki nimeelewa. Lakini tangu Mtwara hukufunga breki mara kumi. Ubahili wa huko njiani unatoka wapi?"

Nikamwambia: betri ni ghala. Injini ya petroli ina bei nzuri na bei mbaya. Ikifanya kazi ya wastani, inatoa nguvu nyingi kwa tone moja. Ikisimama kwenye foleni au ikitambaa kilomita kumi kwa saa, inakunywa mafuta kwa kazi isiyo na maana. Gari la kawaida halina la kufanya, linauza kwa bei yoyote iliyopo, kama enzi za kangomba, korosho zikichukuliwa na walanguzi kwa bei ya kutupa. Haibridi ina stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka korosho ghalani zingoje bei. Bei ikiwa mbaya, kompyuta inazima injini na kutoa mzigo ghalani, gari linakwenda kwa umeme. Bei ikiwa nzuri, injini inafanya kazi zaidi kidogo kuliko inavyohitajika na ziada inaingia ghalani. Kati ya injini na mota mbili za umeme pana seti ya gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati kama sayari na jua, na hapo ndipo hesabu za nani atoe kiasi gani zinapofanyika, bila wewe kusikia gia ikibadilika. Injini yenyewe imetengenezwa kwa kubana matumizi, ni nzito kuondoka, ila mota inaisaidia kusukuma. Prius ya kizazi cha nne ilipotoka mwishoni mwa 2015, Toyota walisema injini yake inaweza kugeuza asilimia 40 ya nishati ya petroli kuwa kazi, na kwa injini ya petroli hicho ni kiwango kikubwa.

"Na ghala haliishi?"

"Haliachwi liishe. Wala halijazwi mpaka juu. Linawekwa katikati, ndiyo betri inadumu."

Akatafuna kwa muda. Halafu akauliza swali ambalo mkulima yeyote wa korosho angeuliza.

"Makato?"

Nilicheka mpaka machozi. Makato yapo. Huwezi kugeuza mwendo kuwa umeme, umeme kuwa kemia ndani ya betri, kisha kuurudisha, usikatwe njiani. Kila mlango una ushuru wake.

"Yanakwenda wapi hayo makato?"

"Yanakuwa joto, mjomba. Betri inapata joto."

Tukatikisa vichwa wote wawili kama watu wenye akili, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama mifuko mitatu ya salfa iliyolala kwenye kiti cha nyuma.

Baada ya saa nzima kivulini gari likawaka, taa ikiwa imezimika. Tulisimamisha lori, salfa ikaendelea nalo pamoja na mjomba, nami nikarudi Mtwara polepole, madirisha wazi.

Fundi wa kwanza nisimseme sana. Aliunganisha kompyuta yake ya kupimia, akatazama namba, akafunga boneti kwa upole wa daktari. Betri imekufa, dada. Ya kununua Dar es Salaam, milioni mbili na laki nane, ufundi mbali. Nilikwenda nyumbani nikakaa gizani, na safari hii umeme ulikuwepo. Kila aliyewahi kuniambia "hayo magari ni ya wenye hela" alikuja kichwani mmojammoja na kuketi.

Wa pili alikuwa kijana mdogo ambaye hakugusa boneti kabisa. Alifungua mlango wa nyuma, akachuchumaa, akanionyesha kitundu chenye vijiti vya plastiki ubavuni mwa kiti. Miaka miwili nilidhani ni spika.

"Anti, hapa huwa unaweka mizigo?"

Huwa ninaweka. Magunia ya korosho ya mjomba, mikoba ya watoto wa dada, na salfa. Betri ya gari langu ipo chini ya kiti kile, na kitundu kile ndicho pua yake. Inavuta hewa ya ndani ya gari ili kuondoa joto, yaani yale makato. Akaling'oa feni lenyewe. Sitalisahau. Lilikuwa la njano. Salfa ilikuwa imechanganyika na vumbi jekundu la barabara ya Tandahimba na nywele za wasafiri wa miaka miwili, ikatengeneza blanketi juu ya kila pangaboi. Lilipepea, lakini halikuvuta kitu. Akalisafisha, akalikausha, akalirudisha, akapima seli zote: nzima. Elfu arobaini. Nikampa hamsini, naye akaniambia jambo ambalo aliyeniuzia hakuwahi kulitaja, kwamba kwa barabara zetu feni hiyo ifunguliwe kila baada ya miezi sita.

Akanionyesha pia nyaya nene za rangi ya chungwa zinazotoka kwenye betri. Hizo, akasema, mtu asizishike kwa mazoea. Betri ya taa na honi ina volti 12, hii kubwa inavuka mia. Prius ya kizazi cha pili, kwa mfano, ina vipande 28 vilivyofuatana na volti 200 na ushee, umeme wa kuua mtu. Kuna plagi ya usalama ya kuchomoa kwanza. Fundi ambaye hajui plagi hiyo iko wapi kwenye gari lako, mpe gari lako alioshe tu.

Watu huniuliza hesabu. Mjini, kati ya Shangani, soko la Chikongola na Ligula, napata kilomita 20 mpaka 22 kwa lita. Gari langu la zamani, lenye injini ya ukubwa uleule, lilinipa 11 likiwa na furaha. Lakini barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, kama kilomita 560 za kukanyaga mafuta bila kusimama, tofauti inapungua sana, kwa sababu hakuna breki za kukinga na injini haizimiki. Anayeshinda barabarani kati ya Masasi na Dar asidanganyike na mimi. Na anayeishi ndani kabisa, njia ya mchanga inayofika tumboni mwa gari, atafute kitu kirefu kwanza, haibridi baadaye.

Ya umeme mtupu siyataki kwa sasa, na si kwa ushamba. Nimeshasema kuhusu kulala gizani. Gari linalotegemea ukutani tu, katika mji ambao ukuta wenyewe una siku zake, ni kama kuposa mtu mwenye safari. Nawaonea wivu kidogo wenye bajaji za Dar es Salaam zenye mtungi wa gesi nyuma, hasa nikikumbuka gesi hiyo inapita chini ya miguu ya nani. Ila hiyo ni habari nyingine, na siku nikiiandika nitapoteza marafiki.

Jambo moja la haibridi ambalo sikulitegemea ni ukimya. Kwenye vichochoro vya Mikindani, kasi ikiwa ndogo, gari linakwenda kwa betri peke yake. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa aligeuka akanikuta hatua tatu nyuma yake, akaita jina la Mwenyezi Mungu mara mbili. "Linakuja kama paka!" Niliomba radhi, nikanunua dagaa ambao sikuwahitaji. Mbuzi ndio kabisa, hawasogei. Mbuzi wa Mikindani anasikiliza injini, na isiyokuwepo haimhusu.

Oktoba mjomba aliniomba nimpeleke Masasi kwenye harusi ya upande wa mkewe. Safari hii kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Alikuwa amekatazwa kuweka hata kofia pale, na kiroba chake cha korosho za zawadi alikibana katikati ya miguu yake mwenyewe, magoti yakigusa dashibodi, bila kulalamika. Msimu ulikuwa mzuri.

Kutoka Newala kwenda Masasi barabara inashuka ukingo wa uwanda, mteremko mkali wa kona na kona, na nchi ya chini imetandazwa mbele yako mpaka kwenye majabali ya Masasi. Niliondoa mguu kwenye mafuta. Mishale ikageuka. Mjomba akaikazia macho skrini, akihesabu vijisanduku vya betri vinavyojaa kimoja baada ya kingine.

"Sita," akasema. "Hatujachoma hata tone?"

"Hata tone."

"Saba. Nane. Limeshiba."

Na lilikuwa limeshiba kweli, na mteremko haujafika hata nusu. Ghala likijaa hakuna pa kuingizia, na breki za kawaida zikibebeshwa mteremko wote ule peke yake zinaweza kuungua. Nikavuta kijiti cha gia mpaka herufi B. Injini ikaamka ghafla na kupiga kelele kubwa, haichomi petroli, inazungushwa tu ili imeze ule umeme wa ziada na kulishika gari. Bonde zima likatusikia. Wanawake waliokuwa wanapanda na kuni wakasogea pembeni.

Mjomba akaegemeza kichwa kwenye kiti, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue akiwa ndani ya gari langu.

"Ehe," akasema. "Sasa hili ni gari."